Wadogo Zangu wa Dawati la Kimataifa, Anzeni na Watu

Nimerudisha tena habari ya siasa za Marekani kwa mwandishi wake, na safari hii nimeona afadhali niyaandike haya, kila anayeingia dawatini ayasome kabla hajapangiwa zamu. Nawapenda, na ndiyo maana nakuwa mkali. Mna Kiingereza kizuri kuliko tulichoanza nacho sisi, mna simu zinazowaletea kila kitu papo hapo, wengine mnawajua maseneta wa kule kuliko mnavyowajua madiwani wa kata zenu. Lakini uchaguzi wa Marekani ukikaribia tu, mnarudia yale yale yaliyotukuta sisi, mengine neno kwa neno.

Tatizo ni moja lenye sura nyingi. Mnaandika siasa za Marekani kama mashindano ya watu wawili jukwaani: nani kasema nini, nani kamjibu nani, nani kang'ara kwenye mdahalo. Wananchi wenyewe hawaonekani. Nani kahama na kahamia wapi, kiwanda gani kimefungwa, pango limepanda kiasi gani, nani kazeeka, nani kaingia nchini akazaa watoto ambao leo ni wapiga kura. Halafu mtu akishinda, kichwa cha habari kinakuja "Dunia yapigwa butwaa". Waliopigwa butwaa ni sisi, kwa sababu tulikuwa tunatazama jukwaa.

1. Anza na pango, Kampala itafuata

Novemba 2025 Zohran Mamdani alichaguliwa kuwa meya wa New York. Kazaliwa Kampala mwaka 1991, na baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, amefundisha Makerere na kabla ya hapo alikuwa hapa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970. Kwa gazeti la Kiswahili hiyo ni habari tamu, na siwalaumu kuikimbilia. Ila habari niliyoletewa mezani ilikuwa Kampala mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na neno pango hata mahali pamoja.

Nikamwita mwandishi. "Mdogo wangu, huyu bwana aliwaahidi nini watu wa New York?"

"Aliahidi mabadiliko, dada."

"Mabadiliko ya nini?"

Akanyamaza, akaanza kupekua simu.

Basi sikilizeni. Mamdani alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo la New York, akiwakilisha sehemu ya Queens, moja ya wilaya za jiji la New York. Donald Trump aliposhinda urais Novemba 2024, kura zake zilikuwa zimeongezeka katika mitaa ya wahamiaji na wafanyakazi wa jiji lile, mitaa ambayo chama cha Democratic kilizoea kuiona ni yake. Mamdani akachukua kipaza sauti, akaenda kusimama Fordham Road kule Bronx na Hillside Avenue kule Queens, akawauliza wapita njia wamempigia nani na kwa nini. Walimtajia Gaza, na walimtajia sana ugumu wa maisha. Kampeni yake ikajengwa juu ya majibu hayo: pango lisipande kwenye nyumba ambazo ongezeko lake linapangwa na mamlaka za jiji, mabasi yawe bure, malezi ya watoto wadogo yasilipiwe. Dini yake na alikozaliwa vimo kwenye habari, tena wapo waliompa kura au kumnyima kwa sababu hiyo. Lakini ukimwondoa mpangaji aliyechoka kwenye hadithi hii, huwezi kueleza kijana wa umri ule alimshindaje Andrew Cuomo, mtu aliyekuwa gavana wa jimbo zima.

Kisha ongeza aya moja tu ya serikali, na hapa ndipo karibu wote mnaanguka. Pango la nyumba zile, ambazo ni takriban milioni moja, hupangwa na bodi ya watu tisa wanaoteuliwa na meya. Hapo ana mkono. Mabasi ni ya MTA, shirika la jimbo, kwa hiyo bila gavana na bunge la jimbo kule Albany hatoki. Kuwaongezea matajiri kodi ya mapato, Albany tena. Kampeni moja, ahadi zilizotoka kwenye shida ile ile ya watu, na kila ahadi ina ofisi yake ya kubisha hodi. Mkiandika "Meya kuleta mabasi ya bure" bila kutaja hiyo ofisi, msomaji atarudi baada ya mwaka kutuuliza mabasi yako wapi, na atakuwa na haki.

2. Hesabuni watu kabla ya kuhesabu kura

Katiba ya Marekani inataka watu wahesabiwe kila miaka kumi, na viti vya Baraza la Wawakilishi, ambavyo ni 435, vigawanywe kwa hesabu hiyo. Kura za wajumbe zinazomchagua rais zinafuata humo humo: idadi ya wawakilishi wa jimbo, ujumlishe maseneta wake wawili. Mnalijua hilo, mmelisoma. Tatizo mnalijua kama swali la mtihani, hamlitumii kazini.

Litumieni hivi. Baada ya sensa ya 1930, New York ilikuwa na viti 45 na Florida vitano. Baada ya sensa ya 2020, New York ina 26 na Florida 28. Katikati ya tarakimu hizo kuna miaka tisini ya maisha ya watu. Viwanda vya kaskazini vilipungua, wastaafu wakafuata jua, viyoyozi vikafanya Florida, Texas na Arizona zikalike wakati wa joto, Wacuba waliokimbia mapinduzi ya Castro wakajenga makazi Miami. Hakuna aliyehama kwa nia ya kubadilisha siasa. Mtu alitafuta kazi, nyumba ya bei nafuu au hali ya hewa ya kumfaa uzeeni, na alipohama akapunguza uzito wa jimbo moja na kuongeza wa jingine. Na hesabu yenyewe ni ya kukata na shoka: mwaka 2020 New York ilipoteza kiti kimoja kwa upungufu wa watu 89. Kamati ya maandalizi ya harusi hapa Dar inaweza kuwa na watu wengi kuliko hao.

Sasa angalieni upande wa pili, kwa sababu mtu akishaelewa hilo la kwanza huwa anadhani kila badiliko la jamii linaingia serikalini lenyewe. Haliingii. Sensa ya 1920 ilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba Wamarekani wengi zaidi wanaishi mijini kuliko mashambani. Wawakilishi wa maeneo ya mashambani wakaona viti vyao vinaondoka, na miaka kumi mizima ikapita Congress, yaani bunge la taifa, haijagawa upya viti. Kwenye mabunge ya majimbo ilikuwa mbaya zaidi. Tennessee haikugusa mipaka yake ya uwakilishi tangu 1901, watu wakaendelea kumiminika mijini huku kura za vijijini zikiwa na uzito wa babu zao, mpaka Mahakama ya Juu ilipoingilia kati kwa kesi ya Baker dhidi ya Carr mwaka 1962, ikafuatiwa na nyingine zilizosema wazi kwamba majimbo ya uchaguzi lazima yalingane kwa idadi ya watu.

Seneti hadi leo haina hesabu hiyo. Kwa sensa ya 2020 Wyoming ina watu wapatao 577,000 na California zaidi ya milioni 39, na kila moja ina maseneta wawili. Ukiongeza kwamba miswada mingi inahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe, unaelewa kwa nini jambo linaweza kuungwa mkono na watu wengi miaka nenda rudi lisiwe sheria. Kwa hiyo ukiniletea "Wamarekani wengi wanataka kadha wa kadha", aya inayofuata initajie hizo kura 60 zitatoka wapi. Usipojua, piga simu, soma, uliza. Usiniachie mimi nijaze saa tano usiku.

3. Novemba 2016

Hili nitalieleza kirefu kwa kuwa bado linaniuma, na kwa kuwa nimeona dalili zake kwenye kazi zenu za karibuni.

Marekani wakipiga kura Jumanne, majibu ya kwanza yanaanza kutoka huku kwetu ikiwa usiku wa manane kuamkia Jumatano. Gazeti haliwezi kusubiri. Kwa hiyo mchana ule tulipanga kurasa mbili za ndani: picha ya Hillary Clinton, mgombea wa Democratic dhidi ya Trump, historia yake, mwanamke wa kwanza, na pembeni jedwali la wanawake waliowahi kuongoza nchi, Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia akiwemo. Hatukuandika kwamba ameshinda. Tuliandika kwa namna ambayo msomaji yeyote angeelewa hivyo. Kurasa zile zilipita kwangu na nikaziruhusu ziende mitamboni. Saa nne na nusu asubuhi kwa saa zetu, shirika la habari la AP lilipotangaza kuwa Trump ameshinda, gazeti letu lilikuwa limeshafika mikoani.

Wengi walisema, hata kule kwao: uchunguzi wa maoni ulidanganya. Sisi tulikuwa na makosa mengine kabisa. Wastani wa uchunguzi wa kitaifa ulimpa Clinton uongozi wa kama alama tatu za asilimia, na alipata kura nyingi kuliko Trump kwa karibu milioni 2.9, yaani alama mbili hivi. Hapo hakuna uongo mkubwa. Tulikuwa tunasoma namba isiyochagua rais. Namba iliyochagua rais ilikuwa tofauti ya kura aliyoshinda nayo Trump jimbo kwa jimbo: Michigan, kura 10,704. Wisconsin, kura 22,748. Pennsylvania, kura 44,292. Ukizijumlisha hazifiki 78,000, kwenye uchaguzi wa kura zaidi ya milioni 136.

Na uchunguzi wa majimbo hayo ndio uliokuwa na kasoro, kasoro ambayo asili yake ni badiliko la jamii. Waliosoma chuo kikuu hukubali zaidi kujibu maswali ya watafiti. Zamani haikuwa na madhara sana, kwani Mzungu mwenye digrii na asiye nayo hawakuachana mno kwenye sanduku la kura. Kufikia 2016 walikuwa wameachana vibaya. Wataalamu wa uchunguzi wa maoni wa Marekani walipokaa kutathmini mwaka uliofuata, walikuta kuwa uchunguzi mwingi wa majimbo haukurekebisha takwimu zake kwa kiwango cha elimu, na kwamba watu wengi walioamua siku za mwisho katika majimbo hayo walimwangukia Trump.

Hilo la takwimu ningeweza kujisamehe. Linaloniuma ni jingine. Historia yote ilikuwa wazi, haihitaji mtafiti. Jumatatu ya Septemba 19, 1977, kampuni ya chuma ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha Campbell kule Ohio, na takriban watu 5,000 wakapoteza kazi. Mji ule hadi leo unaiita Jumatatu Nyeusi. Ajira za viwandani nchi nzima zilifika kileleni mwaka 1979, zaidi kidogo ya milioni 19.5, na mwanzoni mwa 2010 zilikuwa zimebaki kama milioni 11.5. Katikati kuna mashine zilizochukua kazi za mikono, kuna NAFTA, mkataba wa biashara na Canada na Mexico ulioanza kazi Januari 1994, kuna China kuingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, kuna mdororo wa 2008. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo katikati ya miaka ya 1950 vilikuwa na karibu theluthi ya waajiriwa, vimebaki na mmoja kati ya kumi.

Hilo la vyama vya wafanyakazi naomba mlitafakari polepole. Chama kilikuwa zaidi ya mshahara. Kilikuwa ukumbi ambao mtu alikwenda Alhamisi jioni, akamkuta aliyemfundisha kazi, akasikia kwa mtu anayemwamini kwa nini apigie Democratic, na siku ya kura akapitiwa nyumbani. Kiwanda kikifungwa, ukumbi unafungwa. Aliyebaki anasikiliza redio kwenye gari, kanisani, na baadaye simu. Msimamo wake unaweza kuwa ule ule. Waliokuwa wakimuunganisha na chama ndio hawapo tena.

Sasa, wiki chache kabla ya uchaguzi ule, mwenzetu mmoja alileta makala kuhusu kaunti ya Macomb, nje kidogo ya Detroit. Kaunti ya wafanyakazi wa magari, ambayo wachambuzi wamekuwa wakiifuatilia tangu wafanyakazi hao walipohamia kwa Reagan, Mrepublican, miaka ya 1980. Walimchagua Obama 2008, wakamchagua tena 2012, na mwenzetu akawa anasema wanayumba. Makala ilikuwa nzuri, ina mtu, ina mtaa, ina bei ya nyumba. Tukaikata ikabaki kipande cha pembeni, nafasi tukaipa nani kamkatiza mwenzake kwenye mdahalo. Macomb ikaenda kwa Trump, na peke yake ilimpa uongozi mkubwa kuliko ule uliompa Michigan nzima. Kumbe habari ilikuwa mezani kwetu, imeandikwa tayari, na tukaichanja kama mboga.

Wala hatukuishia hapo. Tulipogundua tumekosa, tukakimbilia upande wa pili. Miezi mizima kila habari yetu ikawa "maskini wa viwandani wamempa Trump urais". Nayo si sahihi. Kwa jumla waliokuwa na kipato cha chini walimpigia Clinton zaidi, na kura nyingi za Trump zilitoka kwa Warepublican wa siku zote, wakiwemo watu wenye nyumba nzuri vitongojini. Waliofungiwa viwanda ni wale waliosogea, na kwa kuwa walisogea katika majimbo matatu yenye ushindani, uzito wao ukawa mkubwa kuliko idadi yao. Shikeni tofauti hiyo: kuna wapiga kura ambao wapo kila siku na kuna waliosogea. Mkiwachanganya mtaandika upuuzi kwa ujasiri mkubwa, kama tulivyoandika sisi.

Tangu hapo sheria ya dawati ni kwamba kila habari ya uchaguzi wa Marekani iwe na kaunti moja, iliyotajwa kwa jina, na kitu kilichobadilika pale kwenye maisha ya watu. Mkiona naikazania, sababu ndiyo hiyo.

4. Watu hawajafungwa kamba

"Kura ya Walatino." "Kura ya weusi." "Kura ya wanawake." Mnayaandika haya kama vile watu hukaa kambini na kiongozi wao hupita kuwahesabu. Kaunti ya Starr, Texas, mpakani na Mexico, karibu wakazi wote ni wenye asili ya Mexico. Mwaka 2016 Clinton alipata pale karibu kura nne kati ya kila tano. Mwaka 2024 Trump akaichukua, na haikuwa imemchagua Republican kwenye urais tangu 1892. Miaka minane. Pale watu wana kazi kwenye mafuta na kwenye ulinzi wa mpaka, wana makanisa, wana hasira na bei za vitu.

Mkitaka kuona jambo hili kwa urefu wake, someni Uhamaji Mkuu. Kati ya 1910 na 1970 Wamarekani weusi wapatao milioni sita waliondoka Kusini, wakakimbia ubaguzi na umaskini wa mashamba ya pamba, wakafuata kazi za viwandani Chicago, Detroit, Philadelphia, na baadaye Los Angeles. Kusini walinyimwa kura kwa hila na kwa kipigo. Walipoteremka kwenye treni kaskazini wakawa wapiga kura. Mwaka 1928 Chicago ikampeleka Congress Oscar De Priest, mweusi wa kwanza kuchaguliwa kutoka kaskazini, Mrepublican, kwa maana weusi walikuwa bado ni watu wa chama cha Lincoln. Mwaka 1934, katikati ya mdororo mkubwa, akashindwa na Arthur Mitchell, naye mweusi, wa Democratic. Kiti kile kile, watu wale wale. Kilichoingia kati ni njaa na miradi ya ajira ya Rais Roosevelt wa Democratic. Na msidhani Roosevelt aliwatendea haki yote: sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi ambazo weusi wengi wa Kusini ndizo walizokuwa nazo.

Kura hizo za kaskazini zikaanza kukibana chama cha Democratic. Rais Truman akaamuru mwaka 1948 ubaguzi uondolewe jeshini. Kisha zikaja sheria za haki za raia za 1964 na haki ya kupiga kura ya 1965, zilizosukumwa na watu waliopigwa na kuuawa barabarani, na Wazungu wa Kusini wakaanza kuhama chama: Barry Goldwater, mgombea urais wa Republican aliyepinga sheria ya 1964, alishindwa karibu kila mahali mwaka huo isipokuwa kwao Arizona na majimbo matano ya Kusini kabisa. Ramani mnayoiona leo kwenye runinga, Kusini nyekundu, rangi ya Republican, ilianza kuchorwa na mtu aliyekata tiketi ya treni ya kwenda Chicago.

5. Mfumuko ukipungua, bei haijashuka

Kila mwaka mtu mpya ananiletea hili. "Bei zashuka Marekani." Nauliza zimeshuka kutoka ngapi. "Kutoka asilimia tisa hadi tatu." Mdogo wangu, hiyo ni kasi ya kupanda. Juni 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.1, wa juu kuliko wakati wowote katika miaka arobaini. Ulipoteremka hadi asilimia tatu, chakula na pango havikurudi vilipokuwa, viliendelea kupanda ila polepole. Mchumi anafurahia grafu, mama anasimama dukani na risiti. Sote tunaonunua unga na sukari tunaijua hali hiyo bila kufundishwa, halafu tukishika kalamu kuandika ya Marekani tunaisahau.

Msisahau pia nani ana usukani wa riba. Benki kuu yao, Federal Reserve, haichaguliwi na wananchi wala haipokei amri ya rais kuhusu riba, ingawa marais hawachoki kuisukuma. Paul Volcker, alipokuwa mwenyekiti wake, alipandisha riba hadi kiasi cha asilimia 20 mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuua mfumuko. Alifaulu. Jimmy Carter, rais aliyemteua, alikuwa ameshaondolewa na wapiga kura.

6. Ya haraka haraka

Wazee wanapiga kura kuliko vijana. Kabla hujaandika kwamba rais fulani "anagusa" pensheni au Medicare, bima ya afya ya wazee, angalia umri wa wapiga kura wake.

Wanawake wamekuwa wakijitokeza kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume katika kila uchaguzi wa rais tangu 1980.

"Wamarekani wamesema" ni sentensi iliyokufa, ifute.

Usitafsiri tathmini ya mashirika ya habari kana kwamba ni matokeo rasmi. Kutangaza kwa AP ni hesabu ya waandishi. Majimbo huthibitisha baadaye.

7. Washington siyo Marekani yote

Juni 2022 Mahakama ya Juu iliondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba, ikarudisha suala hilo majimboni. Dawati zima likaelekea Washington, waandamanaji, majaji, hotuba. Agosti 2 mwaka huo Kansas, jimbo ambalo Trump alilishinda kwa alama karibu kumi na tano mwaka 2020, lilipiga kura kuhusu marekebisho ambayo yangeondoa ulinzi wa haki hiyo kwenye katiba ya jimbo. Wakayakataa kwa asilimia 59. Sisi tuliweka mistari minne. Pale palikuwa na somo zima la jinsi jamii inavyoweza kubadilika bila kubadilisha chama: vitongoji vya Kansas City vilivyojaa watu wenye shahada, wanawake waliojiandikisha kwa wingi baada ya uamuzi wa mahakama, na pia wazee wa vijijini wasiotaka serikali iwaingilie. Mtu anaweza kumpigia Mrepublican kura ya useneta na siku hiyo hiyo akapinga jambo ambalo chama chake kinalitaka.

8. Shangazi yako wa Houston

Kila mmoja wenu ana ndugu kule. Alikwenda kwa masomo, kwa ukimbizi, au kwa bahati nasibu ya green card iliyotokana na sheria ya 1990. Nyuma yake kuna sheria ya 1965, aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson chini ya Sanamu ya Uhuru, iliyofuta mgawo uliowapendelea wahamiaji wa Ulaya. Mwaka 1970 waliozaliwa nje walikuwa chini ya mmoja kati ya kila wakazi ishirini wa Marekani. Leo wanazidi mmoja kati ya kila kumi. Ilhan Omar alizaliwa Mogadishu, akaishi miaka minne kambi ya Utange, Mombasa, na mwaka 2018 Minneapolis ikamchagua kuingia Congress. Mombasa kuna watu wazima wanaoikumbuka kambi ile.

Mkiwapigia ndugu hao simu, msiwaulize nani atashinda. Wengi wao wanajua yale yale mliyoyasoma nyie. Waulizeni pango, bima ya afya, zamu za kazi, jirani kahamia wapi, shule ya mtoto imefunguliwa au imeunganishwa na nyingine. Hayo hamtayapata kwenye mashirika ya habari.

Na mjue hili, kwa sababu litawafikia. Shangazi mwenye green card hapigi kura ya rais wala ya Congress. Lakini sensa imemhesabu. Katiba, kwenye marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, inasema wahesabiwe watu wote katika kila jimbo, haisemi raia. Sensa ya 2020 iliiongezea Texas viti viwili, na ndani ya hesabu hiyo yumo shangazi yako na mume wake na mpangaji wao asiye na vibali. Agosti 2025 Trump alisema ameagiza sensa mpya isiyowahesabu waliomo nchini bila vibali. Mwezi huo huo Texas, bila kusubiri sensa ijayo, ilichora upya mipaka ya majimbo yake ya uchaguzi kwa lengo la kukipatia chama cha Republican viti vitano zaidi, na Novemba wapiga kura wa California wakaidhinisha ramani ya kujibu mapigo kwa upande wa Democratic.

Siku ya sensa ijayo ni Aprili 1, 2030. Kabla ya hapo patakuwa na kesi juu ya kesi kuhusu nani ni mtu wa kuhesabiwa. Atakayekuwa zamu kesi hiyo ikitolewa uamuzi, aanze habari na idadi ya viti vinavyohama na majina ya majimbo yanayovipata na yanayovipoteza. Kauli za wanasiasa ziingie kuanzia aya ya tano.